Taa Ndogo ya Chaji: Somo la Ufundishaji Kutoka Gereji ya Mlandege

Mwalimu anayetaka kufahamu kama wanafunzi wake wameelewa jambo, au wamelikariri tu, hana budi kuwapa kazi ambayo jibu lake halimo katika madaftari yao. Wanachuo wetu huieleza kanuni hii vizuri sana katika mitihani ya mbinu za kufundishia. Lakini wafikapo katika shule za mazoezi, wakajikuta mbele ya watoto 80 na ubao mmoja, wengi wao huiweka kando. Mwalimu huchora betri, waya na balbu, watoto hunakili, kengele hulia, na somo la umeme huhesabiwa kuwa limekwisha kufundishwa. Nani ameelewa na nani amenakili tu, hakuna ajuaye.

Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa njia ya mfano. Mfano wenyewe nimeupata nje ya chuo, katika gereji moja iliyoko Mlandege, mjini Iringa, mahali ambapo hakuna ubao wala daftari, na ambapo kosa la mwanafunzi hujulikana papo hapo, kwa sababu gari huwaka au haliwaki.

Nilikwenda huko kwa sababu ya swali ninaloulizwa mara kwa mara na wanachuo wa somo la sayansi: mtoto wa kijijini ambaye nyumbani kwao hakuna umeme atapata faida gani kwa kujifunza mzunguko wa umeme? Nilitaka jibu lililo pana kuliko tochi. Katika nyanda zetu za juu, jibu hilo hupita barabarani kila siku. Chini ya mji wa Iringa, pale Ipogolo, hupita barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na hatimaye mpakani Tunduma. Mtoto ambaye hajapata kuona swichi ya ukutani ameona lori, amesikia stata ikilia, na ameona taa za gari zikififia injini inapozimika. Gari ni nyumba yenye umeme wake yenyewe. Lina ghala, ambalo ni betri. Lina kiwanda kidogo cha kuzalisha umeme. Lina mlango wenye kufuli, ambao ni swichi ya funguo. Na lina njia za kwenda na kurudi.

Katika wiki nilizokuwa nikishinda hapo, kazi kubwa ilikuwa Land Rover ya zamani ya petroli, toleo la Series IIA, ambalo lilitengenezwa kati ya mwaka 1961 na 1971. Mwenyewe alikuwa mzee wa upande wa Kilolo aliyelitumia kubebea viazi, na usiku, dharura inapotokea, kubebea wagonjwa. Kiwanda cha umeme cha gari hilo kilikuwa dinamo ya kale. Dinamo ya Lucas aina ya C40, iliyokuwa ya kawaida katika magari ya Uingereza ya wakati ule, hutoa ampea 22 inapozunguka kwa kasi, na injini inapozunguka polepole haitoi chochote cha maana. Tufanye hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita au la saba anaiweza. Taa mbili kubwa za mbele zenye wati 60 kila moja hula wati 120. Tukigawa kwa volti 12, tunapata ampea 10. Koili ya kuwashia injini hula kiasi cha ampea 4. Ongeza taa za nyuma na waipa. Gari likipanda mlima kwa gia ndogo usiku, na mvua ikinyesha, matumizi hupita mapato, na betri ndiyo hulipa deni. Asubuhi ya Juni, baridi ya Iringa inapoipunguzia betri nguvu zake, gari haliwaki. Kwa mzee yule tatizo hilo halikuwa la kitaalamu. Lilikuwa la mgonjwa kufika hospitali au kutofika.

Kwa hiyo dinamo ilikuwa iondolewe na alteneta ifungwe badala yake, ya aina ya 16ACR, yenye uwezo wa ampea 34. Na pamoja nayo swichi mpya ya funguo, maana ile ya zamani ilikuwa imechakaa. Fundi mkuu, mtu mzima mwenye maneno machache, aliikabidhi kazi hiyo kwa kijana mmoja aliyekuwa na mwaka wa pili gerejini. Kijana huyo alikuwa amemaliza darasa la saba asichaguliwe kuendelea na sekondari. Aliniambia mwenyewe, bila uchungu, kama mtu atajaye urefu wake: “Mwalimu, mimi shuleni nilikuwa kichwa kizito.” Naomba msomaji aliweke akilini neno hilo.

Jambo la kwanza lililonivutia ni kwamba Fundi hakumruhusu kijana kushika spana. Alimwambia aweke mikono nyuma na atazame. Kisha akamuuliza: “Ethi ya gari hili ni ipi?” Swali hilo ndilo msingi wa kazi nzima. Katika gari, waya wa kurudi ni bodi lenyewe: ncha moja ya betri hufungwa kwenye bodi, na kila taa hurudisha umeme wake kwa njia hiyo. Lakini magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa ncha chanya kwenye bodi, ambapo ya baadaye hufungwa ncha hasi. Alteneta ya aina ile hutaka hasi. Mtu akiifunga bila kutazama, dayodi zilizomo ndani yake huungua mara moja, na fedha za mwenye gari zimekwenda. Kijana aliinama, akatazama, akajibu: “Chanya, Fundi.” Ndipo alipopewa kazi ya kwanza: kutoa betri, kwa kuanza na ncha iliyofungwa kwenye bodi ili spana ikigusa chuma isilete cheche, na kupanga jinsi ya kuigeuza betri pamoja na nyaya za koili.

Jambo la pili ni mchoro. Fundi alimpa kijana kijiti na kumwambia achore mchangani. Hakumchorea. Kijana alichora betri, swichi, koili, stata, alteneta na taa ndogo ya chaji iliyoko kwenye dashibodi. Kila alipochora mstari, Fundi aliuliza maswali matatu, na daima yalikuwa yale yale: Umetoka wapi? Umepita wapi? Umerudi wapi? Mstari usioweza kujibu maswali yote matatu ulifutwa kwa mguu.

Kwa manufaa ya msomaji, nieleze kwa ufupi kilichochorwa. Kutoka ncha chanya ya betri waya mnene wa kahawia huenda kwenye swichi ya funguo, na umo wenye umeme saa zote, funguo iwepo isiwepo. Funguo ikigeuzwa hatua ya kuwasha, swichi hupeleka umeme katika waya mweupe unaokwenda kwenye koili, na vilevile kwenye taa ya chaji. Ikigeuzwa hatua ya mwisho, waya mweupe wenye mstari mwekundu huamuru stata izunguke. Mkono ukiachia, funguo hurudi hatua moja nyuma. Rangi hizo ndizo walizozitumia watengenezaji wa Uingereza, na mtu akizijua huweza kusoma gari kama asomavyo ramani. Alteneta nayo ina njia kuu mbili za kuangaliwa. Ya kwanza ni waya mnene wa kurudisha chaji kwenye betri. Waya wa zamani wa dinamo haufai, kwa kuwa joto la waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha ampea: kutoka ampea 22 hadi 34, joto katika waya ule ule huwa zaidi ya mara mbili. Ya pili ni waya mwembamba wa kahawia wenye mstari wa manjano, uendao kwenye taa ya chaji.

Taa hiyo watu wengi huidhani kuwa ni ya kutoa habari tu. Kwa kweli inafanya kazi mbili. Ndani ya alteneta kuna sumaku inayozunguka, na sumaku hiyo ni ya umeme. Haiwi na nguvu ya kutosha mpaka ipewe umeme kidogo wa kuanzia. Umeme huo hutoka kwenye betri, hupita kwenye swichi, hupita ndani ya taa ndogo, huingia kwenye sumaku na kurudi kwenye bodi. Ndiyo maana taa huwaka funguo inapogeuzwa. Alteneta ikianza kuzalisha, upande wake wa taa nao hupanda hadi volti sawa na upande wa betri. Pande mbili zikiwa sawa, hakuna kinachosukuma umeme kupita, na taa huzimika.

Kijana alifunga waya mmoja mmoja, na kila alipofunga alipima kwa taa ya kupimia kabla ya kuendelea na mwingine. Lakini kishikizo cha taa ya chaji kwenye dashibodi kilikuwa kimevunjika. Akaona njia fupi: akauunganisha waya wa manjano moja kwa moja na waya mweupe, bila taa katikati. Fundi aliona. Hakusema neno.

Betri ikarudishwa, funguo ikageuzwa, injini ikawaka. Kipimo kilionyesha volti 14, na vijana wakashangilia. Kisha Fundi akasema: “Zima.” Kijana akageuza funguo. Injini ikaendelea kunguruma. Akaichomoa funguo kabisa, akaishika mkononi mbele ya macho yetu. Land Rover ikaendelea kunguruma kana kwamba haina habari.

Kijana alikimbilia betri ili aing'oe. Hapo tu ndipo Fundi alipomshika mkono, kwa sababu kuitoa betri wakati alteneta inafanya kazi kungeweza kuziharibu dayodi, na injini isingezimika hata hivyo. Fundi aliingia garini, akakanyaga breki kwa nguvu, akaweka gia ya nne, akaachia klachi. Injini ikajikwaa na kufa. Kimya kikatanda.

Kijana alitoa shauri: ifungwe swichi nyingine pembeni ya kukatia umeme wa koili. Gari litazimika, na mwenye gari hatajua. Fundi akamjibu: “Kijana wangu, ukilifunika kosa, umemwachia mwenye gari alilipie siku atakapokuwa mbali nawe. Petroli ikivuja barabarani usiku, akageuza funguo na injini isizimike, swichi yako ya pembeni ataikumbuka?” Kisha akampa kijiti, akaenda kunywa chai.

Mimi nilibaki na kijana. Jibu nilikuwa nalo, na mwalimu mwenye jibu huwashwa ulimi. Lakini halikuwa darasa langu, na Fundi alikuwa ameondoka kwa makusudi. Nilinyamaza.

Kijana alichora upya mchangani. Nilimsikia akijiuliza kwa sauti ndogo maswali matatu ya Fundi. Umetoka wapi? Si kwenye betri, maana swichi imefungwa. Basi umetoka wapi? Alikaa muda mrefu, kijiti kikiwa juu ya mchoro wa betri. Kisha kijiti kikaondoka pale, kikaenda taratibu hadi kwenye alteneta. Umepita wapi? Kikafuata waya wa manjano kinyumenyume hadi kwenye waya mweupe, kikaingia kwenye koili. Umerudi wapi? Kwenye bodi. Akainua uso, akasema: “Alteneta ndiyo inayoilisha koili. Swichi imefungwa mlango wa mbele, lakini umeme umeingia kwa mlango wa nyuma.”

Fundi aliporudi aliuliza swali moja tu: “Na taa ikiwepo?” Hapa hesabu ilihitajika, na hesabu hiyo tuliifanya pamoja. Taa ya chaji ina wati 2.2; tukigawa kwa volti 12 tunapata chini kidogo ya ampea 0.2. Koili yenye ukinzani wa omu 3 hudai ampea 4. Taa ndogo ni kama mlango mwembamba: unapitisha umeme wa kutosha kuiamsha sumaku, lakini hautoshi kuilisha koili. Kijana alitafuta kishikizo kingine, akafunga taa mahali pake. Funguo ilipogeuzwa, taa iliwaka. Injini ilipowaka, taa ikazimika. Funguo ilipofungwa, injini ikazimika.

Sasa turudi kwenye kazi yetu ya ualimu. Kijana aliyejiita kichwa kizito alikuwa amefumbua fumbo ambalo wenye vyeti wengi wangelishindwa. Hatuwezi kusema kwamba akili yake ilizaliwa Mlandege. Alikuwa nayo alipokuwa amekaa katika dawati la darasa la sita. Kilichobadilika ni namna alivyofundishwa, nami naona mambo manne.

Kwanza, alianza kwa kutazama kitu chenyewe, kisha mchoro, kisha maneno. Darasani mara nyingi tunaanza na maneno na kuishia hapo hapo. Pili, alipewa maswali machache yanayoweza kutumika mahali popote. Maswali matatu ya Fundi yanafaa kwa gari, kwa tochi, kwa redio, na hata kwa maji katika mfereji. Tatu, alipima kila hatua kabla ya kupiga nyingine, kwa hiyo kosa lilipotokea alijua kwamba limo katika hatua ya mwisho. Nne, na hili ndilo gumu kwetu, aliachiwa muda wa kufikiri. Fundi alitenganisha makosa ya aina mbili: lile linalodhuru, ambalo aliliwahi kwa mkono, na lile linalofundisha, ambalo aliliacha lifike mwisho wake.

Hata hivyo, tusiisifu gereji kupita kiasi. Wapo vijana wanaokaa huko miaka mitatu wakitumwa spana na chai bila kuelezwa lolote. Wapo mafundi wanaoficha ujuzi kwa kuogopa kunyang'anywa riziki. Tena fundi mmoja na kijana mmoja si mwalimu mmoja na watoto 80. Anayedhani ataigeuza shule kuwa gereji hajaielewa shule wala gereji. Kinachohamishika ni utaratibu wa kufikiri, nao hauhitaji Land Rover.

Napendekeza somo hili kwa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Zana zake ni za kufaragua. Kila kundi la watoto wanane au kumi liwe na betri nne kavu za volti 1.5, balbu moja ya tochi, vipande vya waya, na swichi iliyotengenezwa kwa kipande cha bati na misumari miwili juu ya ubao. Tumia betri hizo tu. Watoto waonywe wasijaribu kamwe jambo hili kwa umeme wa nyumbani wala kwa betri ya gari.

Katika hatua ya kwanza, waunganishe betri mbili, swichi na balbu, na kila mtoto aonyeshe kwa kidole njia ya umeme akijibu maswali matatu. Hatua ya pili, waunganishe jozi ya pili ya betri. Ncha hasi za jozi zote mbili ziunganishwe pamoja, na balbu iwekwe kati ya ncha chanya ya jozi ya kwanza na ncha chanya ya jozi ya pili. Kabla ya kufunga swichi, kila mtoto aandike anachotazamia: balbu itawaka au haitawaka? Wengi watasema kwamba itawaka sana, kwa kuwa betri zimeongezeka. Swichi ifungwe. Balbu haiwaki. Hapo mwalimu anyamaze. Awaache wabishane. Hatua ya tatu, jozi ya pili iondolewe kabisa, na waya mtupu uwekwe mahali pake. Mwalimu ahakikishe betri zimetolewa kwanza, la sivyo waya utazimaliza nguvu na kupata moto. Balbu itawaka. Sasa waulizwe: upande wa pili ulikuwa na nini mwanzoni, na sasa una nini?

Mtoto atakayesema kwa maneno yake mwenyewe kwamba umeme hausogei pande mbili zinapokuwa sawa, huyo ameielewa taa ya chaji ya kila gari lipitalo Ipogolo, hata kama hajapata kufungua boneti. Na mwalimu atakuwa ametambua, bila mtihani, nani ameelewa na nani anahitaji kusaidiwa.

Basi, ndugu mwanachuo, utakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, utakutana na mtoto aliyekwisha kuambiwa, au aliyekwisha kujiambia, kwamba ana kichwa kizito. Usiharakishe kukubaliana naye. Mpe kitu cha kushika, mpe swali la kweli, halafu mpe muda. Yule kijana wa Mlandege sasa anawaelekeza wenzake wawili waliokuja baada yake. Nilipopita mara ya mwisho alikuwa amechuchumaa mbele ya mchoro wa mchangani, na mmoja wao alikuwa amekosea waya. Kijana alimtazama, akamkabidhi kijiti, akamuuliza: “Umetoka wapi?”